Alijua Kabla Yangu

Kidonge kilikuwa kidogo, cha njano, na Mwajabu alikuwa amemeza cha namna ile kila asubuhi kwa siku kumi bila kuuliza. Mumewe akisema ni vitamini, basi ni vitamini. Kwani mtu aliyesomea maabara, anayevaa koti jeupe siku sita kwa wiki, atamdanganya mkewe kwa kidonge?

Jumamosi hiyo mchana alikuwa chumbani kwao, mtaa wa Nkuhungu, madaftari ya chuo yametapakaa kitandani, anajikumbusha masomo. Jumatatu alitakiwa kusaini mkataba. Kiwanda kimoja cha unga pale Kizota kilikuwa kimemchukua awe mkaguzi wa virutubishi, yule anayepima madini na vitamini zinazochanganywa kwenye sembe kabla haijafungwa mifukoni. Miaka mitatu alikuwa ameitafuta kazi ya namna hiyo. Miaka mitatu ya barua, usaili na kujitolea bila malipo mpaka soli za viatu zikaisha! Akapitisha kidole kwenye orodha yake ya zamani: chuma, zinki, B12, foliki. Mbele ya foliki alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe, akiwa mwaka wa pili: unga wa njano, humkinga mtoto aliye tumboni, mama aanze mapema.

Akasoma tena. Kisha akainuka, akaichukua ile bahasha ya dawa juu ya kabati. Jina la dawa lilikuwa limefutwa kwa kalamu nyeusi, likafutwa likafutika. Alitoa kidonge kimoja, akakisaga kwa mgongo wa kijiko kwenye kisahani cheupe. Njano ileile aliyokuwa akiipima chuoni mpaka kucha zinabadilika rangi.

Mwanamke wa watu aliketi sakafuni. Mambo yakaanza kumjia moja baada ya jingine. Mumewe, Bashiri, kumnyang'anya ndoo ya maji getini na kuibeba mwenyewe, majirani wakicheka. Bashiri kumkataza kupanda stuli kutundika pazia. Na siku zake, ambazo alizisingizia wasiwasi wa usaili, zilikuwa zimechelewa wiki tatu nzima. Akaweka kiganja tumboni. Alifurahi, tena alifurahi hasa, mpaka akacheka peke yake mle chumbani.

Halafu akaikumbuka fomu ya afya, na kicheko kikamkauka.

Kiwanda kilikuwa kimemtaka apimwe kabla ya kuajiriwa. Zahanati waliyomwelekeza ndiyo hiyohiyo anayofanya kazi Bashiri, na wote wawili walicheka sana siku hiyo, yeye akimkabidhi kikopo cha mkojo dirishani na mumewe akimkonyeza kama hawajuani. Mpimwaji hapewi majibu. Yanatiwa kwenye bahasha, yanapigwa muhuri, yanapelekwa kiwandani. Siku tatu baadaye kiwanda kilimpigia: hongera dada, afya yako safi, njoo Jumatatu usaini.

Safi vipi, na kwenye fomu kulikuwa na mstari unaouliza ujauzito?

Saa nane Bashiri aliingia na mfuko wa zabibu mkononi, shati limejaa vumbi jekundu la barabarani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye macho ya upole ambayo ndiyo yaliyomponza Mwajabu tangu siku ya kwanza, kule Kondoa, alipomtoboa kidole kumpima malaria na kumwomba radhi mara tatu kwa tone moja la damu.

"Mke wangu, nimekuletea zabibu. Za leoleo, zimetoka shambani..." Akakiona kisahani.

"Karibu," Mwajabu alisema. "Kaa."

"Mwaja..."

"Kaa, Bashiri. Nataka unisomee hii dawa. Wewe si ndiye mtaalamu?"

Bashiri hakukaa. Aliweka zabibu mezani polepole, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ni foliki," alisema.

"Foliki ya nini?"

"Mwaja, nilikuwa nakuja kukwambia."

"Lini?"

"Jumatatu. Ukishasaini tu. Nilipanga nikupeleke ule kuku, halafu nikwambie. Wallahi nilipanga."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipopima."

"Siku kumi na moja." Alisema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya Mwajabu ndiyo ya kuogopwa. "Siku kumi na moja unalala ubavuni kwangu, unajua nina mtoto, mimi sijui. Unanitazama nikinywa chai ya rangi na tumbo tupu, unasema kula mke wangu, mimi nadhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi! Ni nini kingine?"

"Na kwenye fomu uliandika nini?"

Bashiri akatazama chini. Kwa nje mtu alikuwa akiburuta ngazi ya chuma, kelele zake zikawa ndefu kupita kiasi.

"Niliandika huna," akasema mwishowe.

"Ukapiga muhuri."

"Nikapiga muhuri."

"Ukaweka sahihi yako."

"Ndiyo."

"Ya Rabi!" Mwajabu alijishika kichwa. "Bashiri, wewe? Wewe ambaye ukirudishiwa chenji zaidi dukani unarudi nayo?"

Hapo ndipo mwanaume alipoketi, si kwenye kiti, bali pale pale sakafuni mbele yake, magoti yakigusana na yake. Alitaka kumshika mkono. Mwajabu akaurudisha nyuma.

"Unakumbuka ile kampuni ya mbegu mwaka jana?" Bashiri aliuliza.

"Usinikumbushe."

"Lazima nikukumbushe. Walikuuliza, dada, una mpango wa kuzaa karibuni? Wewe kwa uungwana wako ukawajibu, inshallah, Mungu akitujalia. Si uliongoza usaili ule? Walikupigia simu?"

Mwajabu akakisogeza kisahani kando.

"Hawakupiga mpaka leo. Ulilia wiki nzima, umejifunika shuka, huli, husemi. Mimi naondoka kwenda kazini nakuacha hivyo, narudi nakukuta hivyohivyo. Nikasema moyoni, sitaki kuona hayo tena. Basi nilipoona mistari miwili kwenye kile kipimo, Mwaja, nilianza kwa kushukuru, nilisujudu mle maabara, yule mwenzangu akadhani nimeanguka. Halafu nikaiona fomu yako pale mezani. Mkono ukaandika wenyewe."

"Mkono hauandiki wenyewe."

"Haya, niliandika mimi. Nilikosea wapi? Hawana haki ya kuuliza lile swali. Wanamuuliza mwanaume kama mkewe ana mimba?"

"Hawana haki, sawa." Machozi yalikuwa yamemfika, na alichukia kuwa yamemfika. "Lakini ilikuwa yangu, Bashiri! Habari ile ilikuwa yangu. Nimekaa miezi minane mama yako akinipigia kila Ijumaa, vipi huko, kuna habari? Mimi ndiye niliyetakiwa kuona ile mistari. Mimi ndiye niliyetakiwa kuja kukukuta pale dirishani nikwambie, mume wangu, tumepata. Umeniibia hiyo siku. Utanirudishiaje?"

Bashiri akamsogezea mtandio uliokuwa kitandani.

"Kisha hebu fikiria mbele," Mwajabu aliendelea, anapangusa uso kwa mtandio. "Nikinyamaza, mwezi wa nne tumbo linatoka. Kiwanda kinafungua faili, kinakuta cheti kinasema sina. Nitaitwa mwongo, nitafukuzwa, na mkaguzi mwongo hachukuliwi na kiwanda kingine popote. Nikisema, kazi pengine inakwenda leo, na wewe wanakufuta kwenye maabara. Umeniachia njia gani?"

"Sikufikiria hivyo."

"Ulifikiria kwa niaba yangu. Ndiyo shida yako."

Simu ikalia. Ilikuwa ya Mwajabu, juu ya madaftari, na jina lililowaka ni Mama Busi. Mama mkwe wake, Bi Amina, aliyeishi kijijini Busi, alikuwa hajawahi kupiga Jumamosi. Mwajabu akapokea.

"Assalaam alaykum. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, waalaykum salaam. Mbona sauti imekwama? Unatapika?"

Mwajabu aliinua macho. Bashiri alikuwa amefumba yake.

"Sijambo mama. Vumbi tu."

"Pole. Ndio mwanzo wake huo, utazoea. Sikiliza, kondakta wa basi la kesho nimempa debe la ulezi na chupa ya asali ya huku kwetu. Uji unywe asubuhi, mzito. Bashiri alisema nisikwambie neno mpaka wiki ijayo, lakini mimi nimeshindwa mwanangu, furaha imenijaa, jana nimewaambia mpaka majirani!"

"Bashiri alikwambia."

"Si ndiye? Nilikuwa nimeanza kumtajia yule binti wa Mzee Abdulrahim, unajua tena sisi wazee, akanikata palepale, mama acha, mke wangu ana mimba. Alhamdulillahi. Sasa hiyo kazi ya kiwandani iache. Mja mzito na vumbi la mashine wapi na wapi? Mume anakulisha, tulia nyumbani."

Kulikuwa na mengi ya kusema. Lakini Mwajabu alilelewa Kondoa, kumheshimu mkubwa, na mama mkwe ni mama mkwe.

"Nashukuru kwa ulezi, mama. Kuhusu kazi, nitaamua mwenyewe."

"Haya," Bi Amina alisema, amekwazika. "Umesoma wewe."

Simu ilipokatika Mwajabu hakupiga kelele. Alianza kukusanya madaftari, moja juu ya jingine.

"Busi nzima inajua," alisema. "Majirani wa mama yako wanajua. Mimi nimejulia kwenye kisahani."

"Alikuwa anataka kuniozesha mke wa pili, Mwaja. Ningefanya nini? Nilimwambia ili akuheshimu."

"Toka kidogo, Bashiri. Nenda kaswali, nenda kazungumze na watu, nenda popote. Sikufukuzi. Nataka tu kuwa peke yangu na huyu aliyeko humu. Wenzangu wote mmeshamsalimia."

Alitoka. Mlangoni aligeuka, akamtazama kwa yale macho yake, na Mwajabu, pamoja na hasira zote, alitamani kumwita. Hakumwita.

Jumapili asubuhi alikwenda mwenyewe kituo cha afya cha serikali, akapanga foleni na wanawake wengine, akatoa mkojo kwa mtu asiyemjua. Muuguzi alimwonyesha kile kipimo, mistari miwili myekundu. Aliitazama mpaka muuguzi akamuuliza kama anataka kukaa. Wiki saba, walimwambia. Akaomba aandikiwe. Nyumbani walizungumza yale ya lazima tu, chumvi iko wapi, maji yametoka, na Bashiri alilala sebuleni bila kuambiwa.

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa ofisini kwa Bi Tumsifu Matonya, afisa utumishi wa kiwanda, mama wa miaka hamsini na kitu, Mgogo wa Mvumi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mkataba ulikuwa tayari mezani na kalamu juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Saini hapa, na hapa, halafu nikupeleke kwa wenzako."

"Kabla sijasaini, mama, naomba usome hii."

Aliiweka karatasi ya kituo cha afya juu ya mkataba. Bi Tumsifu alivaa miwani, akasoma. Akafungua faili, akatoa cheti cha kwanza, akaviweka viwili sambamba.

"Hiki kinasema huna."

"Nimejua Jumamosi, mama."

"Binti yangu, ungeweza kukaa kimya. Miezi mitatu hakuna ambaye angejua."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukukaa?"

"Nitakuwa nasaini vipimo vya unga unaoliwa na watu. Siwezi kuanza kwa cheti cha uongo kwenye faili langu." Alinyamaza kidogo. "Na ninaitaka kazi hii, mama. Naitaka sana. Nikiikosa, niikose mkinitazama usoni."

Bi Tumsifu aligonga kidole kwenye sahihi iliyo chini ya cheti cha kwanza. "Huyu aliyekupima. Bashiri. Unamfahamu?"

Hilo ndilo swali alilokuwa ameliogopa tangu Jumamosi. Neno moja tu, simfahamu, na Bashiri amepona. Lilikuwa limeshamfika ulimini. Palepale akaelewa jinsi mkono unavyoweza kuandika mstari wa uongo kwa ajili ya mtu unayempenda, na jinsi inavyokuwa rahisi. Ikamuuma kuelewa, maana hasira yake ilikuwa bado haijaisha.

"Ni mume wangu," alisema. "Aliogopa mtaniacha. Alikosea. Lakini aliogopa kitu ambacho kipo."

Mama yule alivua miwani. Akatazama kalenda ukutani.

"Kipo," alisema. "Mimi niliingia hapa miaka kumi na tisa iliyopita nimejifunga kanga tumboni, nimeibana chini ya gauni. Nilibeba magunia na mimba ya miezi mitano, sikusema. Mtoto yule sikumpata." Akasimama, akachukua karatasi zote mbili. "Kaa hapo. Usiondoke."

Mlango wa meneja ulikuwa mkabala. Meneja aliitwa Methusela, na sauti yake ilipenya ubao. Tunaajiri mtu wa kwenda likizo? Atakaa miezi sita halafu? Kisha sauti ya Bi Tumsifu, ya chini, isiyoharakishwa. Sheria ya ajira haituruhusu kumbagua mwombaji kwa ujauzito, bwana, na hiyo fomu yetu nilishakwambia mwaka juzi. Kisha, kwenye usaili ni nani aliyegundua kuwa mizani yetu inadanganya? Si huyuhuyu? Wale wanaume watano waliipita. Meneja akaguna. Mwajabu alikuwa amekamata kingo za kiti kwa mikono miwili, anasoma kila dua anayoikumbuka.

Bi Tumsifu alirudi. Uso wake haukusema kitu. Alifungua kabati, akaanza kupekua makoti ya kazi ya bluu yaliyokunjwa.

"Unavaa saizi gani?"

"Ya kati, mama."

"Chukua kubwa. Tunatoa koti moja tu kwa mwaka, na wewe huko mbele utalihitaji." Akamtupia. "Mkataba uleule, mshahara uleule, miezi mitatu ya majaribio kama kila mtu. Kwenye mashine za juu hupandi. Na huyo mumeo, cheti chake nakishikilia mpaka Ijumaa. Aende mwenyewe kwa mkubwa wake akaseme. Asipokwenda, nitakwenda mimi."

Mwajabu alisaini huku amelikumbatia koti kifuani, na machozi yakadondoka kwenye karatasi, Bi Tumsifu akajifanya anatafuta muhuri.

Saa sita, mapumziko, alitoka getini. Bashiri alikuwa amesimama kwenye jua, upande wa pili wa barabara, bila koti lake jeupe. Malori yalikuwa yakipita katikati yao. Alivuka mbio, akasimama hatua mbili mbele ya mkewe, hakujua kama anaruhusiwa kusogea zaidi.

"Umepata?"

"Nimepata."

Bashiri alifunika uso kwa viganja. Mwajabu alimwacha alie.

"Kazini kwako vipi?" aliuliza.

"Nilikwenda kwa mkubwa wangu, Daktari Elieza, asubuhi, kabla hajakaa. Nimemwambia yote. Amenisimamisha mwezi mzima, halafu ataangalia."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliiona karatasi ya kituo cha afya kwenye mkoba wako, nikajua unakwenda kusema yako peke yako, nikaona haya."

Upepo wa Kizota ulipeperusha mtandio wa Mwajabu. Bashiri aliinua mkono kuurudisha begani, akausitisha hewani. Mwajabu aliuona ule mkono, mkono uliomtoboa kidole na kumwomba radhi mara tatu. Alitaka kusema kuwa amemsamehe, lakini ingekuwa uongo, na uongo walikuwa nao wa kutosha.

"Na mimi, Mwaja?" Bashiri aliuliza. "Mimi kwako nimeshapoteza kazi?"

Mwajabu akamshika mkono, akaushusha, akauweka tumboni kwake, juu ya koti la bluu lililompwaya.

"Uko kwenye majaribio," alisema. "Miezi mitatu."